Fundi wa Cherehani Aliyeingia Ulingoni na Hofu Yake

Ndugu, jamaa, majirani, wanafunzi wa marehemu na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono: familia imenituma mimi, binti yake mkubwa, niwasomee maisha ya baba yetu. Mama amenisihi nisome taratibu na nisiruke kitu. Nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba namba sita. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Babu alikuwa fundi wa breki za mabehewa na bibi alishona sare za shule nyumbani. Shangazi, dada yake mkubwa aliyekaa hapa mbele, anasema mdogo wake aliogopa kila kitu: mbwa wa jirani, stoo ya makaa, na zaidi ya yote honi ya garimoshi. Ikilia tu, alijitupa chini ya cherehani ya bibi na kuikumbatia pedali. Bibi aliendelea kushona hivyo hivyo, mguu wake ukipanda na kushuka pamoja na mikono ya mtoto. Shangazi husema ndiyo maana alikuja kuzijua cherehani kuliko mafundi wengine wote. Wao walianza kuzitazama kwa juu, yeye alianzia chini.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya stesheni, kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha akaingia shule ya ufundi, alikohitimu mwezi Novemba 1978 katika fani ya mashine ndogo. Shuleni alipigwa sana. Alikuwa mwembamba na hakurudisha, kwa hiyo wenzake walimwona kama mlango usio na kitasa. Mwaka 1976 alisikia kwamba msimamizi wa ujenzi wa daraja, mgeni aliyetoka mbali, anafundisha kung fu ya asili kila jioni kwenye uwanja wa stoo ya saruji. Akaenda. Kwa miaka minne hakukosa jioni hata moja, isipokuwa wiki aliyougua surua. Daraja lilipokwisha, msimamizi alimwachia daftari lenye michoro ya fomu kumi na mbili, yaani ile misururu ya hatua na mapigo ambayo mtu huifanya peke yake, akamwambia awafundishe wengine.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kiwanda cha mashati, ambako alihudumia cherehani sitini zilizopangwa safu nne. Mwaka 1983 alifungua karakana yake mwenyewe mkabala na posta, chumba cha mita tatu kwa nne, kikinuka mafuta ya mashine na vumbi la pamba. Jioni alifundisha kung fu katika ukumbi wa chama cha washonaji. Wanafunzi walifika arobaini. Walivaa suruali nyeusi, walisogea pamoja kama kitambaa kimoja, na watu walisimama madirishani kuwatazama.

Mama alikuwa mshonaji. Alimpelekea cherehani yake mwezi Februari 1984, ikatengenezwa, ikaharibika baada ya siku tisa. Akairudisha, ikatengenezwa, ikaharibika tena. Mara ya tatu mama alikwenda na maneno makali ameshayapanga mdomoni. Akamkuta fundi kasimama, kashika bisibisi, jasho linamtoka. Baba alikiri kwamba kila mara alilegeza skrubu moja kwa makusudi, kwa sababu aliogopa kumwambia jambo jingine, na cherehani ikipona hatamwona tena. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa nafika mahali ambapo mama alijua ningetamani kuruka.

Kati ya wanafunzi wa baba alikuwepo mmoja aliyeitwa Rula, kwa urefu wake na kwa jinsi alivyonyooka. Alikuwa na umri wa miaka ishirini, na fomu zake zilikuwa safi kuliko hata za mwalimu wake. Siku ya Jumamosi, tarehe 21 Novemba 1992, Rula alipanda ulingoni kupambana na mchezaji wa klabu ya ngumi ya mjini. Lilikuwa pambano la kweli: ngumi, mateke na kuangushana, bila kuzuia nguvu. Baba alimruhusu. Aliamini kila alichofundisha kitafanya kazi, kwa sababu hakuwahi kukiona kikishindwa.

Pambano halikufika dakika moja. Rula alikaa mkao wa farasi, chini kabisa, magoti yamefunguka kama alivyofundishwa. Akangoja ngumi ije ili aunase mkono. Ngumi ilikuja na kurudi kabla hajafumba kiganja, ikaja nyingine, na nyingine. Wakati mwamuzi anaingia kati, Rula alikuwa amelala macho wazi, haoni mtu. Alipoteza fahamu siku mbili. Alipozinduka, sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa, na limebaki hivyo mpaka leo.

Mama yake Rula alikuwa akifua mashuka katika hospitali ile ile aliyolazwa mwanawe. Baba alimkuta kwenye ujia, mikono yake bado ina povu la sabuni. Alikwenda kumwomba radhi. Mama huyo hakupaza sauti. Alimuuliza jambo moja tu.

"Wewe mwenyewe umewahi kupigwa hivi?"

Baba akamjibu kwamba hajawahi.

"Basi ulimfundisha nini?"

Baba alifunga darasa wiki hiyo. Alirudisha ufunguo wa ukumbi, akatundika suruali yake nyeusi nyuma ya mlango wa karakana. Mama anasema kwa miezi miwili mchana alitengeneza cherehani, na usingizini alijikinga uso kwa mikono. Mwezi Februari 1993 alichukua begi la zana, akaweka taulo ndani, akaenda kwenye klabu ile ile ya ngumi kujiandikisha kama mwanafunzi mpya. Alikuwa na umri wa karibu miaka thelathini na mbili.

Kocha wa klabu alikuwa dereva wa malori mstaafu, na watu wote walimwita Dereva. Yupo nasi hapa leo, amekuja kwa kiti chake cha magurudumu. Dereva ametuhadithia kwamba baba alikuwa akitapika nyuma ya jengo kila siku kabla ya kuingia. Kila siku, si wiki ya kwanza peke yake. Alisafisha mdomo bombani, akaingia, akavaa glavu, akapigwa. Nyumbani tulimwona akirudi na mdomo umevimba. Mama aliweka maji ya chumvi mezani bila kuuliza, kisha akaenda kukaa chumbani peke yake. Sisi watoto tulijifunza kuusikiliza mwendo wake ngazini. Ukiwa mzito, tulijua tusimkimbilie, maana mbavu zitakuwa zinamuuma.

Polepole akaanza kuelewa. Aliporudi nyumbani alichora kwenye daftari lile la msimamizi, akifuta na kuandika pembeni. Aligundua kwamba ulingoni hakuna mtu anayekuachia mkono wake hewani uushike. Aligundua kwamba mkao wa farasi hausimamiwi tangu mwanzo, bali unafikiwa mwishoni: unapitisha mguu nyuma ya mguu wa mwenzio, unashuka ghafla, naye hana pa kwenda ila chini. Ile mikono ya karibu, inayonata na kusukuma, ilifanya kazi vizuri sana pale tu miili ilipogusana. Tatizo lilikuwa ile hatua moja ya kufika pale.

Dereva alimwambia waziwazi. "Mambo yako yapo, Fundi, siyakatai. Ila njia ya kuyafikia inapita katikati ya ngumi zangu."

Basi alijifunza njia hiyo. Alijifunza kufunika kichwa na kuingia. Alitupa fomu nyingi akabaki na vipande vitano au sita, akavirudia mara maelfu kwa mtu anayekataa, anayevuta, anayepiga. Dereva anasema siku ya kwanza alipoangushwa na baba, mwaka wa pili, alibaki sakafuni kidogo akiangalia dari, kisha akamwomba arudie.

Baba alipambana mara nne ulingoni, kati ya 1994 na 1997. Alishindwa mara mbili, akashinda mara mbili. Mimi nililiona pambano moja, la Jumamosi tarehe 19 Agosti 1995, katika ukumbi wa shule ya ufundi. Nilikuwa na miaka tisa. Mama hakutaka niende, lakini aliogopa kwenda peke yake.

Mpinzani alikuwa fundi bomba, mdogo kwa baba kwa miaka kumi, shingo yake nene. Kutoka viti vyetu vya safu ya tatu niliiona suruali ya baba ikitetemeka magotini. Nilidhani ni upepo, halafu nikaona madirisha yamefungwa. Raundi ya kwanza alipigwa. Sijui kama mnaujua mlio wa glavu kwenye uso wa mtu mnayeishi naye. Mama aliufinya mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuangalia pembeni, kana kwamba tukifumba macho ndipo ataanguka.

Raundi ya pili fundi bomba alimsukuma kwenye kamba ili ammalize. Hapo ndipo mikono yao ilipogusana. Sikuona vizuri kilichotokea. Niliona mkono wa baba umelala juu ya mkono wa yule mtu, laini tu, kama anapima kitambaa, mguu wake ukapita nyuma, akashuka. Fundi bomba akapiga mgongo sakafuni. Alinyanyuka, akaja tena, akaangushwa tena. Raundi ya tatu akawa anaogopa kusogea, na waamuzi wakampa baba ushindi.

Tulimkuta chumba cha kubadilishia nguo, amekaa kwenye benchi, akiwa bado na glavu. Alikuwa analia bila sauti. Uso wake haukuwa uso ninaoujua, na nikajificha nyuma ya mama. Nasema kweli, nilimwogopa baba yangu. Alinitazama akaelewa. Akageukia ukutani mpaka mama alipomaliza kumfuta.

Alifungua darasa tena mwezi Januari 1998. Fomu zilifanywa nusu saa tu, na saa nzima iliyofuata ilikuwa ya mtu na mtu, kinga ya meno mdomoni. Mwanafunzi aliyesema haogopi alirudishwa nyumbani akafikiri. Hakuna aliyepanda ulingoni kabla ya miaka miwili, hata aombe vipi. Rula alirudi kumsaidia, akawashikia wanafunzi pedi za kupiga. Baba alipomwelekeza alipita kila mara upande wa sikio lake zima.

Mama yake Rula hakuwa amesema naye tangu siku ile ya ujia wa hospitali. Mwaka 1999 alikuja ukumbini na binti yake mdogo wa miaka kumi na minne. Alisimama mlangoni akaangalia darasa zima mpaka mwisho. Kisha akamsukuma binti mbele.

"Nimesikia umepigwa. Mfundishe huyu."

Binti huyo sasa ndiye mwalimu wa darasa.

Mwanzoni mwa mwaka 2012 baba alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mkono wa kushoto ulikuwa unatikisika. Tulifikiri ni uchovu, kisha ukaja mguu, kisha sauti ikaanza kufifia. Daktari alitueleza kuwa ni ugonjwa wa ubongo usio na tiba. Mdogo wangu wa kiume akauliza swali ambalo sote tulikuwa tumelimeza: je, ni zile ngumi? Daktari alisema huenda, na huenda sivyo, na kwamba hakuna kipimo cha kutujibu. Tumeishi na hilo miaka kumi na moja, na tutaendelea kuishi nalo. Mama hakulala vizuri tena. Alimsikiliza akipumua.

Baba mwenyewe aliogopa sana. Aliogopa ngazi, aliogopa kukabwa na chakula, aliogopa kuamka asubuhi asitujue majina. Hakujifanya vingine. Alipokuwa akiogopa alisema, nasi tulikaa karibu naye mpaka hofu ipite.

Mwezi Aprili mwaka huu, nikiwa namlisha uji, aliniuliza kama ni mimi nitakayesoma siku hii. Nilijaribu kubadilisha mazungumzo, akaushika mkono wangu.

"Usiwaambie nilikuwa jasiri. Mzazi akisikia hivyo, atampeleka mtoto wake kwa yeyote anayejiita jasiri. Waambie niliogopa. Kila mara."

Nimewaambia.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Ijumaa, tarehe 2 Juni 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Mama alikuwa amemshika mkono wa kushoto. Anasema mkono huo ulitulia kabla ya pumzi, na kwa muda mfupi alifurahi, akidhani amepata nafuu.

Ameacha mjane mmoja, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, dada wawili na kaka mmoja. Ameacha pia wanafunzi ambao hatuwezi kuwahesabu, na karakana mkabala na posta, ambako cherehani saba za watu zinasubiri. Wenyewe mnaombwa muwe na subira. Mdogo wangu atazimalizia.

Mwenyezi Mungu ampokee fundi wetu, na ampumzishe mahali ambapo hakuna kinachomtisha.