Video Iliyomtoa Kizuka Ndani

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu! Mnaonijua hapa Michenzani mnajua siishiwi maneno, na leo nasimama mbele yenu kutoa ushuhuda.

Nafanya kazi Mji Mkongwe, kwenye kampuni ndogo ya sabuni za mwani. Mwani tunaununua kwa akina mama wa Matemwe, na mimi ndiye ninayeweka picha na video mtandaoni. Siku moja nikarusha video ya Bi Tatu, mkulima wetu wa siku nyingi, akicheka ndani ya maji. Nikaandika: "Leo asubuhi shambani." Video ilikuwa ya zamani. Sikujua kwamba mumewe amefariki, na yeye ni kizuka, mjane aliyekaa eda, hatoki nje mpaka siku zake ziishe.

Mungu wangu! Watu walitushambulia mtandaoni. "Kizuka yuko pwani anacheka!" Bosi akaamuru nifute maoni yote, kisha niyafunge kabisa. Nikafuta. Tukatoa tangazo refu la "usumbufu uliojitokeza", nembo juu, jina la mtu hakuna. Watu wakaligeuza kichekesho. Akina mama wa Matemwe wakakataa kutuuzia mwani. Lakini ndugu zangu, kilichoninyima usingizi ni mwanamke yule, anamlilia mumewe huku kisiwa kizima kinamsema!

Niliomba, nikalia, nikapata neno moja tu moyoni: nenda. Nikaenda Matemwe. Kwa kuwa mimi ni mwanamke mwenzake, nikaruhusiwa kuingia.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Mie sijavuka mlango huu, mwanangu. Nyie ndo mlonitoa. Basi nirudisheni."

Nirudisheni! Neno lile lilinichoma, na lilinifungua. Nikamwambia bosi sifuti tena kitu, naye akaniachia. Kwa ridhaa ya Bi Tatu nikajirekodi, bila muziki, bila nembo. Nikataja jina langu. Nikasema video ni ya zamani, "leo asubuhi" niliitunga mimi, maoni niliyafuta mimi, na Bi Tatu hajatoka nyumbani kwake. Tukafungua maoni, nikamjibu kila aliyeuliza, hata wenye matusi. Bwana alinishika mkono! Hasira haikwisha siku ile. Ilipungua kidogo kidogo, na wateja wakarudi mmoja mmoja. Ila akina mama wa Matemwe bado hawakutuuzia mwani.

Eda ilipokwisha, nikamkuta Bi Tatu shambani kwake. Nikamwomba ruhusa ya kumpiga picha. Akacheka kicheko kilekile.

"Sitaki. Piga huo mwani."

Nikapiga mwani. Nikamwonyesha picha kabla sijaiweka popote, akaitazama, akanirudishia simu.

"Haya. Kesho njooni mchukue mzigo. Nishawaambia wenzangu."

Ndugu zangu, nililia palepale, maji ya bahari magotini! Asante, Mungu wangu, hukuniacha nijifiche. Nawe uliyekosea mbele za watu, unayetafuta cha kufuta, mtumaini Yeye leo. Nenda kabishe hodi kwa uliyemuumiza. Bwana atakuwa ametangulia mlangoni.