Mpiga Chapa Aliyemwambia Mama Mkwe

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, tumeachiana ziwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu. Jana jioni wizara aliyoifanyia kazi ilimtuma mtu kutuomba, kwa adabu kabisa, kwamba tukifika mwaka 1998 tuseme tu alistaafu, tukampa chai, tukamsindikiza, na sasa nasoma kama ilivyokuwa.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa kwanza wa fundi wa breki, akaanza shule ya msingi nyuma ya karakana mwaka 1966, akamaliza sekondari, na mwaka 1979 akajiunga na chuo cha uhazili, ambako alikuwa mwanamume pekee darasani, jambo tulilomtania hadi tukachoka wenyewe. Mwaka 1981 aliajiriwa wizara ya maji kama mpiga chapa wa mashine ya taipu, na kwa jinsi alivyojua kufunga mdomo akahamishiwa chumba cha nyaraka za siri, kile chenye dirisha la nondo, na miaka yote hiyo hata mimi ndugu yake habari za wizara nilizipata redioni.

Tarehe 6 Julai 1985 alifunga ndoa na shemeji yetu muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na pamoja na mke akapata mama mkwe, huyu mama yetu aliyekaa hapa mbele, ambaye sote tunampenda, na sote tunajua kwamba habari ikimfikia, chai yake haipoi kabla jirani hajaisikia.

Mwezi Aprili 1998 alipewa kuchapa taarifa ya wahandisi kwamba ukuta wa bwawa lililo juu ya mji una ufa unaozidi kupanuka, pamoja na agizo la wakubwa kwamba wakazi wa bondeni wasiambiwe hadi sherehe ya kuzindua mitambo ipite. Kaka alichapa, akakabidhi, akapanda baiskeli hadi kwa mama mkwe, akamweleza yote, akamsihi asimwambie mtu. Kesho yake bonde zima lilikuwa barabarani na magodoro kichwani, sherehe ikavunjika, wakubwa wakalazimika kupunguza maji na kuziba ufa. Lakini katika msongamano wa darajani fundi cherehani mmoja alikanyagwa akafa, nalo hatulifichi, kwa kuwa kaka hakulificha, kila Aprili alikwenda kukaa na mjane wake, naye mama huyo yupo nasi leo.

Kaka alifukuzwa kazi tarehe 24 Aprili 1998 na kushtakiwa, mama mkwe akawa hapati usingizi kwa kuamini kwamba yeye ndiye aliyemponza mkwewe, na wakili akashauri isemwe kuwa ulimi uliteleza, ili adhabu ipungue. Kaka alisimama kizimbani akasema: "Mheshimiwa, ulimi haukuteleza. Kutunza siri nakujua, ndiyo kazi yangu. Nilimwambia mama mkwe kwa sababu namjua."

Watu walicheka, hakimu hakucheka, akampa miaka mitatu. Familia ilitolewa nyumba ya serikali, watoto wakaitwa shuleni watoto wa msaliti, shemeji akaibeba nyumba kwa zamu za usiku. Wapo wanaosema hadi leo kwamba alizusha taharuki bure maana bwawa halikupasuka, na maneno hayo yananiudhi, nasema wazi, halikupasuka kwa sababu lilizibwa, na lilizibwa kwa sababu watu walijua.

Alipotoka mwaka 2001 alichapia watu barua kwenye baraza ya posta, hadi figo zilipomlaza mwaka 2021, akafariki hospitalini tarehe 2 Februari 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, na majirani waliotuletea maji na viti bila kuombwa. Nanyi wenzake wa wizara, mliosimama kule getini tangu asubuhi mkichelea kuonekana, tunawashukuru kwa kuja, na tunawaomba mpite mbele, kwa maana upande wa kushoto wa jeneza hatujampa mtu, tumewaachia ninyi mlibebe. Atakayeulizwa kesho kazini aseme familia ndiyo iliyomwita.

Kaka, pumzika kwa amani, sisi tupo.