Mama Itakuwaje: Maisha ya Mwenye Wasiwasi Aliyejifunza Kumwachia Mungu

Ndugu, jamaa, majirani na waumini wenzetu, mama tunayemsindikiza leo alikuwa na jina zuri la ubatizo, lakini tukilitaja hapa nusu yenu mtaulizana ni nani. Ninyi mlimwita Mama Itakuwaje, naye aliitika bila kinyongo. Basi tumuage kwa jina hilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, katika chumba cha uani nyuma ya duka la viatu, akiwa mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe. Bibi yake alipenda kusimulia kwamba mtoto yule alizaliwa amekunja uso, kana kwamba alikuwa ameshaambiwa habari za dunia na hakuridhika nazo.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza darasa la saba mwaka 1965. Kwa hofu ya kuchelewa alifika getini kabla ya mlinzi kulifungua, na mlinzi akawa anamwambia, "Binti, hata jua bado linanawa uso." Penseli moja aliishika mkononi, nyingine mfukoni, na ya tatu aliichomeka kwenye nywele. Methali aliyoipenda kuliko zote ilikuwa "usipoziba ufa utajenga ukuta", na kwa kweli alikuwa akiziba hata mahali pasipo na ufa.

Machi 1969 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akakitumikia mpaka alipostaafu mwaka 2006. Wengi wetu tulikulia pale mlangoni, tukimsubiri atoke. Tunakikumbuka kile chumba chenye mvuke, sakafu iliyolowa daima, madirisha yaliyo juu karibu na dari, na harufu ya sabuni na shuka za moto. Shuka hukunjwa na watu wawili. Mwenzake alikuwa mama mmoja mrefu aliyeitwa Twiga, ambaye yupo nasi leo. Twiga aliinama, mama alisimama kwa vidole, wakakutana katikati wakibishana. Siku hizo hazitarudi, na tunazililia.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na fundi rangi mmoja mpole ambaye mtaa mzima ulimwita Haina Neno, kwa kuwa hakuwa na jibu jingine. Wakati wa uchumba alimuuliza, "Na mvua ikinyesha siku ya harusi, itakuwaje?" Mzee akamjibu, "Tutalowa." Mvua ilinyesha, wakalowa, na picha yao ya harusi ndiyo inayowaonyesha wote wawili wakicheka kuliko picha nyingine yoyote.

Kanisani alikuwa mwaminifu, ila mwili ulikaa kwenye benchi na moyo ulibaki nyumbani. Katikati ya mahubiri aliinuka na kurudi kuangalia kama amezima pasi. Jumapili moja ya mwaka 1983 akapata dawa: aliingoja pasi ipoe, akaifunga kwenye taulo, akaitia mkobani na kwenda nayo ibadani. Wakati wa sadaka, akipapasa mkobani kutafuta hela, pasi ikaanguka sakafuni kwa kishindo, na waumini wakaruka. Mchungaji akamuuliza, "Mama, nyumba nzima umemwachia Mungu, pasi umembania?"

"Mchungaji," akasema, "nyumba haijiwashi yenyewe."

Kanisa lilicheka, naye akacheka. Lakini njiani kurudi hakucheka tena, hata mumewe alipomtania kwamba Jumapili ijayo wabebe na jiko. Jumatatu, wakikunja shuka, alimwambia Twiga, "Nimechoka kuogopa. Ngoja nijaribu kumwachia Mungu kitu kimoja kimoja." Ndipo ulipoanza utaratibu wake. Kila Jumatatu alichagua hofu moja, akamkabidhi Mungu kwa sala, na wiki hiyo yote alijikataza kuihangaikia. Ya kwanza ilikuwa pasi. Chumba kizima kikaingia kwenye mchezo.

"Wiki hii umemwachia nini?" walikuwa wakimuuliza.

"Dari inayovuja."

"Na mvua ikija?"

"Ndoo nimeweka. Kumwachia Mungu siyo kuitupa ndoo."

Msidhani alipona wasiwasi. Hofu ilirudi kila asubuhi kama muuza maziwa, naye kila asubuhi alilazimika kuirudisha kwa Mungu upya. Ndivyo imani yake ilivyokuwa, ya kazi, ya kila siku, na haikumjia kwa urahisi. Alipofiwa na mumewe tarehe 20 Agosti 2003, alilia sana, kisha Jumatatu akatuambia, "Wiki hii namwachia upweke."

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakulikabidhi. Mtoto wake wa mwisho, tunayemwita Kitindamimba, alizaliwa mwaka 1986 na ulemavu wa akili. Ni mtu wa furaha na mwenye vichekesho vyake, lakini hawezi kuishi peke yake. Mama alimvisha, alimlisha, alilala kitanda cha pembeni mwake. Kwa miaka mingi aliomba sala ambayo mama hapendi kuiomba, na hakutuficha: "Ee Mungu, mtangulize yeye, hata kwa siku moja." Mkwewe, mke wa mwanawe wa kwanza, alimsihi mara nyingi amchukue wifi yake akae naye. Jibu lilikuwa lilelile: "Mwanangu, wewe hujui kumvisha soksi. Mshono ukimgusa kidole, hatembei siku nzima."

Mwaka 2022 moyo wa mama ulianza kuishiwa nguvu. Miguu ilivimba, ngazi zikawa mlima. Daktari alimweleza kwa upole kwamba dawa zingemsaidia, lakini zisingemrudishia moyo wa zamani. Alirudi nyumbani, akakaa kitandani kwa Kitindamimba, akamtazama akipanga vifungo vyake kwa rangi. Septemba 2023, siku ya Jumatatu, akampigia simu Twiga.

"Wiki hii namwachia Kitindamimba."

Twiga akamuuliza, "Shoga, una hakika?"

"Sina. Ningekuwa na hakika, ningemhitaji Mungu wa nini?"

Jumamosi mkwewe akaja kumchukua akalale kwao usiku mmoja. Mama alimfundisha habari ya soksi, akamfundisha tena, akasimama mlangoni mpaka gari likapotea kwenye kona. Alibaki amevaa viatu vyake jioni ile, mkoba mapajani, tayari kumfuata. Binti yake wa kati alimsikia akisema kwa sauti, "Alikuwa wako kabla hajawa wangu. Nipe nguvu za kuvua hivi viatu." Baada ya muda akavivua.

Kesho yake mchana walimrudisha, na Kitindamimba akakataa kushuka garini. Alikuwa ameachiwa kazi ya kukunja taulo kule, na hakuwa amemaliza. Mama aliketi kwenye ngazi, akacheka huku machozi yanamtoka. "Nimeomba miaka yote asiteseke bila mimi," akasema. "Mungu kanijibu mpaka kanionea."

Akamwambia mkwewe, "Mrudishe, akamalize."

Tangu hapo Kitindamimba alikaa kwa kaka yake siku nyingi zaidi, na kwa mama siku chache zaidi. Kila alipoondoka, mama aliumia, na kila alipoumia, alimkabidhi tena. Ile sala ya zamani aliiacha. Hatukuisikia tena kinywani mwake.

Mwezi Mei mwaka huu wa 2024 alilazwa katika hospitali ileile aliyoifulia. Alipapasa shuka, akatangaza kwamba imepigwa pasi na mtu mwenye haraka. Jumatano, tarehe 5 Juni, Kitindamimba aliletwa kumwona, akambusu shavuni, akapunga mkono na kuondoka bila kugeuka nyuma. Mwanawe wa kwanza akamuuliza kama wamlete tena kesho. Mama akasema, "Mwacheni, ana shughuli zake." Alifariki Alhamisi asubuhi, tarehe 6 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mchungaji na waumini, majirani, na Mama Twiga ambaye hakukosa kumtembelea.

Marehemu ameacha mwana mmoja na mkewe, mabinti wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na shoga yake wa shuka. Kitindamimba yupo hapa, benchi la mbele, kati ya kaka na wifi.

Mama, jana usiku alilala vizuri mpaka asubuhi. Leo amekula akashiba, na soksi amevishwa sawasawa, ametembea mwenyewe mpaka hapa. Nawe lala, mikononi mwa uliyemwachia.