Mama Sura na Mlango Uliofungwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya uchoraji, dada yetu tunayemwita Mama Sura anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni.

Alianza kwa kuosha brashi na kuandika vibao vya maduka. Siku moja mteja alikataa picha ya marehemu baba yake, akidai aliyechorwa ni jirani yao. Mama Sura akaomba airudie. Mteja alipoiona alivua kofia. Tangu hapo sura zote zikawa zake. Nguo na mikono vilibaki kwa mwenzake, fundi mpole tuliyemwita Bwana Mikono, na kwa miaka mingi wawili hao walichora turubai moja huku wakigombania redio. Mfanyabiashara mmoja alipoomba apunguzwe tumbo, Mama Sura alimwambia, "Mimi naishia shingoni, mzee. Huko chini zungumza na kaka yangu."

Kisha kiwanda cha kushona nguo, mtaa wa pili, kikaungua mchana kweupe. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli ili mafundi wasitoke kabla ya saa. Binti wa Bwana Mikono alikuwa ndani.

Baadaye mwenye kiwanda aliagiza picha kubwa ya ukumbusho kwenye ukuta uliobaki. Tulidhani Bwana Mikono angekataa. Alikubali, kwa sauti ya chini mno. Wafiwa walileta picha za vitambulisho na za harusi. Mama mmoja hakuwa na picha yoyote ya kijana wake. Alikuja karakanani siku kadhaa na mjukuu wake, mtoto wa marehemu, akawa anamshikashika uso na kusema, "Hapa ndivyo. Hapa sivyo." Mama Sura alichora akafuta, akachora akafuta, mpaka yule mama akaanza kulia.

Bwana Mikono alichora mikono ya wote isipokuwa ya binti yake. Alipofika hapo alishuka ngazi, akaketi juu ya ndoo. Mama Sura aliichora yeye. Nyuma ya watu wote akauweka ule mlango, na kufuli lake.

Mwenye kiwanda alipokuja kukagua alisifu sana, ila akataka mlango uchorwe ukiwa wazi.

"Kwani siku ile ulikuwa wazi?" Mama Sura akamuuliza.

"Mama, hii si picha tu?"

"Basi mtafute mwingine akuchoree."

Kesho yake ukuta mzima ulipakwa chokaa. Wateja wakubwa wakakata mguu kwetu. Wenzetu wawili waliachishwa kazi, na lawama zote zikamwangukia yeye. Hakujitetea. Kila mapumziko ya mchana alizichora upya zile sura, moja moja, kwenye vipande vya mbao, akazipeleka nyumba kwa nyumba. Bwana Mikono alipokea ya binti yake, akaifunga kwa shuka, na hakurudi kazini tena. Tulimzika mwaka uliofuata.

Hakuna aliyeshtakiwa kwa ule moto. Ukuta bado ni mweupe.

Mama Sura aliendelea, sura na mikono vyote juu yake. Tulimpa wasaidizi, aliwafundisha vizuri, kisha akawaomba wahamie turubai nyingine. Sisi tunaochora sura leo tumepitia mikononi mwake. Alitutaka tuwe makini na masikio, kwa sababu, alisema, mfiwa huyakumbuka kuliko sisi tunavyodhani. Alitucheka tukikosea, na chai yake hakuna aliyethubutu kuigusa.

Sasa jicho lake la kulia halioni, na daktari amesema la kushoto linafuata. Ndiyo maana anaondoka mapema kuliko alivyopanga.

Tulitaka kumuaga kwa picha yake mwenyewe. Alipopata habari alikuja juu. "Jamani, msinichore! Watu wote niliowachora kwa moyo wangu wote walikuwa wameshaondoka. Mimi bado nipo. Njooni nyumbani, tukae, tuongee, ningali nawaona."

Tutakuja, dada. Asante kwa kila uso uliourudisha kwa wenyewe. Tunakuombea afya na nyumba yenye wageni, na mwanga uliobaki jichoni mwako uwatazame walio hai.