Bi. Bathsheba Nyanchera Anaondoka, Benchi Linabaki

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Bathsheba Nyanchera anastaafu baada ya kuitumikia karakana ya ushirika wetu kwa miaka thelathini na minne. Alipoajiriwa, malori yetu ya kubeba majani chai yalikuwa machache na fundi wa magari mwanamke alikuwa hajaonekana kuanzia Daraja Mbili hadi Kenyenya. Leo uwanja umejaa magari, na madereva wote, hata wasio wetu, wanamwita Mama.

Kamati ya sherehe imenichagua mimi, Mathew Onyiego, niandike wasifu huu kwa kuwa nimefanya kazi kando yake kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Valentine wa ofisini aliponipa kazi hii aliniangalia kwa jicho la pembeni. "Mathew, andika vizuri," akaniambia. "Usituletee hiyo wivu yako kwa programu." Nilimwahidi kwamba nitajaribu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Shida ni kwamba haki ya Bi. Bathsheba ni nyingi, na kila nikiiandika inanichoma.

Bi. Bathsheba alizaliwa upande wa Nyamira, katika nyumba ya Wasabato wakulima wa chai na ndizi. Baba yake alitaka awe mwalimu wa watoto wadogo. Yeye akaenda chuo cha ufundi, akarudi na cheti na ovaroli. Hapa kwetu alianza kwa kuosha vyuma kwa dizeli. Mafundi wengine tulipenda injini, kwa sababu injini ikinguruma watu hugeuka kutazama. Yeye alichagua nyaya, fyuzi na taa, vitu ambavyo hakuna aliyevitaka, na ndani ya muda mfupi vikawa ndivyo vinavyotafutwa zaidi katika karakana nzima. Nilishangaa jinsi alivyojua.

Sifa yake kubwa imetokana na taa za breki. Wanaoishi huku wanajua hali inavyokuwa asubuhi ukungu ukishukia milima ya Nyamira. Dereva wa nyuma haoni lori la mbele. Anaona taa zake nyekundu tu, na zisipowaka, anaona chuma. Ndiyo maana Bi. Bathsheba aliupaka chokaa ukuta ulio karibu na lango, kisha akaweka sheria: kila lori kabla ya kutoka lirudi nyuma hadi ukutani, dereva akanyage breki, ukuta uwe mwekundu. Usipokuwa mwekundu, lango halifunguliwi, hata majani yawe yananyauka mashambani. Ni wazo zuri sana. Hata mimi nililiwaza, ila nililiwaza baada yake.

Ukuta ukibaki mweupe, kazi yake ilianza. Aliangalia fyuzi kwanza, halafu balbu, kwa sababu hakuna haja ya kufungua kikubwa kabla ya kidogo. Hivyo vikiwa vizima, alitandika gunia, akalala chali, akaingiza kichwa chini ya usukani na kuacha miguu nje ya mlango. Huko juu ya pedali ya breki ndiko inakokaa swichi ya taa, kitu kidogo cha kuenea ndani ya ngumi ya mtoto. Kwa taa yake ya kupimia aligusa waya unaoingia kwenye swichi. Ikiwaka, akagusa waya unaotoka na kumwambia dereva akanyage. Umeme ukifika kwenye swichi na usivuke, swichi imekufa. Alichomoa soketi, akaitoa swichi, akaweka mpya, akairekebisha hadi taa zikawaka breki inapoguswa na kuzimika inapoachwa.

Huku kwetu kuna ugonjwa mwingine. Kile kipande cha plastiki kinachoibonyeza swichi kikivunjika, taa huwaka mchana na usiku hadi betri ife. Dereva wa huku haji karakana. Hukata kipande cha gunzi la mahindi, akakikaza mahali pale, akaendelea na safari zake mpaka gunzi lioze kwa mvua. Bi. Bathsheba amechomoa magunzi ya kutosha kuwasha jiko la harusi, na hajawahi kumcheka dereva hata mmoja. Mimi hucheka. Siwezi kujizuia, ni gunzi ndani ya gari.

Sasa nifike kwenye benchi. Karakana yetu ina pande mbili, wake na wangu, na benchi moja refu la mkaratusi ambalo madereva hukalia wakingoja. Tangu nifike hapa, benchi hilo limekuwa upande wake. Mara nyingi upande wangu ulikuwa mtupu, mimi nimesimama na spana mkononi, na madereva wamejipanga pale kama waumini. Nikiwaita walikataa kwa adabu. "Wacha tu, nangoja Mama."

Nilijiambia kwamba ni chakula. Bi. Bathsheba huja na viazi vitamu vya kuchemsha na chupa ya chai, na kila anayengoja hupata. Basi nami nikanunua njugu karanga sokoni Daraja Mbili, nikazikaanga mwenyewe. Madereva walizila zote, wakasema ni tamu sana, na walizila wakiwa wameketi kwenye benchi lake.

Nilijiambia pia kwamba nina Jumamosi. Yeye ni Msabato na siku hiyo hagusi hata spana. Mimi ni Mkatoliki, siku yangu ni Jumapili. Hata Jumamosi walikuwa wakiangalia uwanja, wakiona hayupo, wanageuza. Mmoja tu, Ogari wa Kenyenya, aliwahi kuniachia pikapu yake Jumamosi kwa sababu taa za breki zilikuwa zimekataa kabisa na alikuwa amechoka kutoa mkono dirishani. Nilipima, nikabadilisha swichi, taa zikawaka vizuri. Siku mbili baadaye alirudi, akampa Mama ufunguo ahakikishe. Bi. Bathsheba akaangalia, akamwambia kila kitu kiko sawa, Mathew amefanya kazi safi. Ogari akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Asante sana, Mama, umenisaidia." Yaani alishukuriwa kwa kazi yangu, mbele yangu.

Kwa hiyo nilipopata habari kwamba anastaafu, nilihuzunika pamoja na wenzangu, na nilifurahi peke yangu. Nilifikiri kwamba akiondoka yeye, benchi litakuwa langu. Halafu nikaanza kusikia minong'ono. Bi. Bathsheba atajenga kibanda kando ya barabara kule kwao Nyamira, na madereva wameshakubaliana kumfuata. Ogari mwenyewe alinithibitishia bila hata kuona haya. Usiku huo sikula vizuri. Niliona upande wake mtupu na upande wangu mtupu, na benchi katikati halina mtu.

Ijumaa iliyopita, mchana, benchi likiwa limejaa, Bi. Bathsheba aliingiza gari lake dogo uwanjani. Hakulipeleka upande wake. Alilisimamisha upande wangu, akanipa ufunguo. "Baba Nyasani," akaniita kwa jina la mwanangu, kama afanyavyo akiwa na jambo, "taa za breki za hii gari zimekataa. Niangalilie." Kisha akaenda kwenye benchi, akawainua madereva wote, akashika upande mmoja na kumwambia Ogari ashike mwingine. Wakalibeba, wakaliweka upande wangu. Akaketi, akafungua chupa yake ya chai. "Leo mimi ni mteja. Nangoja Mathew."

Nilianza na fyuzi, nikaenda kwenye balbu. Zote nzima. Nikalala chali, nikapima: umeme ulifika kwenye swichi, haukuvuka. Nikaitoa. Pembeni ilikuwa na tone jekundu la rangi ya kucha.

Kila mtu katika karakana hii anajua tone hilo. Bi. Bathsheba hatupi swichi iliyokufa ovyo, asije mtu akaiokota na kuiuza kama nzima. Huitia alama hiyo na kuiweka kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Swichi niliyoishika ilitoka kwenye kopo hilo. Aliitia kwenye gari lake kwa mkono wake mwenyewe ili apate kitu cha kuniletea.

Nililala pale chini ya usukani muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nilitaka kufurahi tu, hilo nalo nikashindwa, kwa sababu nilijua kwamba ingekuwa mimi ninayestaafu nisingewaza kufanya hivyo. Hata wema wake umenitangulia. Niliitia swichi ile mfukoni, nikafunga mpya, nikakanyaga breki. Wote kwenye benchi wakaona taa zikiwaka.

"Kumbe Onyiego pia anajua," akasema dereva mmoja. Ogari akamjibu kwamba ni lazima nijue, Mama si amenifundisha. Hakunifundisha. Nilitoka chuoni nikijua. Lakini Bi. Bathsheba aliinuka, akaja kupokea ufunguo, na mbele yao wote akasema, "Huyu hakufundishwa na mtu. Na mimi kule nyumbani nimepanda avokado, sijengi kibanda. Msinisumbue." Akanipa kiazi kitamu, akaondoka mapema kujiandaa kwa Sabato.

Jumatatu wiki hii nilikuja kazini nikijua nitakuta benchi limerudishwa. Halikuwa limerudishwa. Ogari alikuwa ameketi hapo, pikapu yake imewasha taa za breki na imezimwa injini. Ndani yake palikuwa na gunzi lililooza. Nilichomoa, nikaliweka kando, na sikucheka mpaka alipoondoka.

Bi. Bathsheba, kwa niaba ya uongozi, mafundi na madereva, tunakushukuru kwa mikono iliyofanya barabara zetu za milimani ziwe salama. Ukuta tutaupaka chokaa kila msimu. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha kwa avokado zako, na Sabato nyingi za kupumzika. Mimi binafsi nina swichi yako yenye tone jekundu, na sitairudisha kwenye kopo. Gari lako likiharibika kweli, lilete. Benchi utalikuta upande huu, na utangoja zamu yako kama wengine.