Asali Isiyo na Mustari

Benchi ni yangu, naanza na hilo ili tusigombane mbele ya safari. Liko mbele ya kibanda changu cha kutengeneza baiskeli, hapa Kalemie, pale barabara ya soko inapokutana na ile ya kushuka bandarini. Bazungu waliandika Albertville kwenye kibao cha lagare, kituo cha treni, na kibao kingali pale, lakini mdomoni kwetu ni Kalemie tu. Asubuhi ukungu unapanda kutoka ziwani mpaka huoni kitu cha bandari, unasikia minyororo tu ikisema peke yake. Saa ile njo Mama Zaina anakuja na birika lake la kahawa, na mabwana watatu wanakuja kukalia ubao wangu bila hata hodi. Papa Léon tunamwita Filimbi, maana amepuliza filimbi ya treni miaka mingi, na hata akizungumza mashavu yanavimba. Papa Valère, karani wa bandari, ni Minisitiri: tai haimtoki shingoni hata Jumapili. Papa Amisi mshonaji, ambaye babu zake walivuka ziwa na bidhaa, ni Usingizi. Akikaa tu anafumba macho, lakini anasikia kila neno.

Ilikuwa mwaka wa sitini na tatu, sukari imepotea madukani kabisa. Filimbi akafika na chupa iliyozibwa kwa gunzi la muhindi.

— Asali ya Nyunzu hii, akasema. Muweke kwa kahawa, kisha muniambie.

Tukaweka. Wee! Tulinyamaza wote, na kijiweni kwetu kunyamaza ni ugonjwa.

— Inatoka kwa nani? Minisitiri akauliza.

— Kwa Mutwa wetu. Anatoa porini, anamupelekea shemeji yangu, shemeji anamupa chumvi.

— Chumvi tu?

— Na aksanti.

— Apana, Papa Léon. Apana! Minisitiri akanyoosha tai. Radio ilisema juzi, kila muntu wa inchi hii ana haki yake. Batwa njo benye pori, toka zamani, mbele ya sisi wote. Banawinda, banarina asali, na bado banavaa ngozi! Lazima basaidiwe.

— Basaidiwe namna gani? nikauliza. Laiti ningefunga mdomo.

Filimbi akapiga goti lake.

— Mimi nabapa wago ya treni! Wago nzima ya asali, kila juma, imeandikwa BATWA kwa rangi nyeupe. Inatoka Nyunzu polepole, na kila lagare bamama banasimama na mikate.

— Mikate ya nini?

— Ya kuchovya! Asali inavuja kidogo kidogo kwa reli.

— Treni yako itateleza, nikamwambia.

— Iteleze! Kuja ziwani ni kuteremuka tu. Makaa ya nini tena?

— Wewe unawaza kidogo sana, Minisitiri akasema. Hii inataka Minisitere ya Asali. Biro ya ngazi mbili. Minisitiri mwenyewe ni Mutwa, na mimi niko directeur wake.

— Wewe directeur! Mama Zaina akacheka mpaka birika likatikisika.

— Muntu wa kumuandikia atahitajika, Mama. Tunachora nyuki kwa drapo, bendera yake. Balozi Mutwa anapanda ndege na chupa moja, anashuka Bruxelles, bazungu banalamba vidole, banaanza kulia: kumbe utamu ulikuwa juu ya miti, na sisi miaka yote tulichimba mawe!

Usingizi alikuwa amefumba macho, kikombe tumboni. Akaongea chini chini, tukalazimika kumwinamia.

— Balozi ya nini? Nyuki benyewe batavuka. Munabafundisha njia ya Kigoma, asubuhi kama hii, juu ya ukungu, kila mumoja na tone lake. Douane, bwana wa forodha, atasimamisha nyuki gani? Bakichoka katikati banaangusha, na ziwa linaanza kuwa tamu. Kwanza kando kando, kisha lote. Ndagala, samaki badogo bale, banatoka na sukari yao. Namuona mutoto anakunywa ziwa kwa kijiko. Namuona Mutwa amekaa kwa muchanga, hapandi muti, nyuki hamuumi, anachota tu.

Hakuna aliyemcheka. Mimi mwenyewe, muntu wa grisi na spoku, nilimwona yule mutoto na kijiko chake. Ukungu ulikuwa umefika mpaka miguuni kwetu, ukawa mweupe na mzito, na ningeapa kwamba ulinukia asali.

Kumbe ulinukia kweli. Kutoka ndani yake akatokea muntu mufupi, mti begani, na kila ncha ya mti mzinga wa ganda umefungwa kwa kamba. Akasimama mbele yetu.

— Jambo bapapa. Jambo mama.

Filimbi akaruka juu.

— Kalenga! Mutazame, njo huyu! Mutwa wetu mwenyewe!

Tukamshangilia kana kwamba tumemzaa. Mama Zaina akampa kikombe. Wote watatu wakaanza kumweleza kwa pamoja: wago, minisitere, nyuki wa Kigoma. Alisikiliza vizuri, mizinga ingali begani. Walipoishiwa pumzi akasema:

— Aksanti. Mimi natafuta pahali pa kuketi tu, niuzishe.

— Soko si pale! Filimbi akaonyesha kwa mdomo.

— Natoka pale. Polisi wa soko ananiuliza, uko wa nani?

Sasa, swali hilo kwetu ni kama salamu. Uko wa nani, yaani baba yako nani, ukoo wako gani, tujue tunachekaje na wewe. Sokoni linafanya na kazi nyingine. Kuna mustari wa Baholoholo, mustari wa Batabwa, mustari wa Baluba, na kila mustari una mukubwa wake. Ukimtaja mukubwa, unasogezewa nafasi. Mustari wa Batwa haukuwako. Basi Mutwa akiulizwa yeye ni wa nani, wanataka jibu moja: bwana wako njo nani.

— Kumbe ni hiyo tu? Filimbi akasema. Twende, nitamwambia uko wetu. Sasa hivi utapata nafasi.

— Ukisema niko wenu, asali inakuwa yenu, Papa Léon.

— Eh! Mimi nakusaidia!

— Najua. Lakini shemeji yako anasema hivi: sisi tuko bake, kwa hiyo miti ni yake, nyuki ni yake. Safari hii sikupita kwake. Nilipanda treni mwenyewe. Pale kwetu banangoja. Nikiuzisha kwa mukono wangu, na bengine batashuka. Nikirudi na chumvi tena, basi, tutakwenda kulima shamba lake mpaka kufa.

Mashavu ya Filimbi yakalegea. Minisitiri akajitolea kuokoa mambo, akatoa kalamu.

— Bon. Tufanye kwa utaratibu. Nitakuandikisha mimi. Jina, Kalenga. Uko wa…

Akajisikia mwenyewe. Kalamu ikabaki hewani.

Kalenga hakukasirika, na hilo njo liliniumiza. Aliuliza kwa upole, sauti ya muntu anayeuliza njia.

— Na ninyi, bapapa, muko ba nani?

— Sisi? Minisitiri akakohoa. Sisi tuko ba Katanga.

— Inchi ya Katanga iliisha mwezi wa kwanza, Filimbi akamkumbusha.

— Ba Congo, basi!

— Ile ya sitini ao ya sasa?

— Ba Nord-Katanga, jimbo mupya!

— Tangu lini? nikamuuliza. Drapo yake unaijua?

Minisitiri akageuka kutazama mlingoti wa posta. Ukungu ulikuwa umeumeza. Filimbi akasema yeye ni wa treni, kisha akakumbuka kwamba wakubwa wa treni waliompa filimbi walipanda meli na hawakumuaga. Usingizi akafungua macho, jambo ambalo sijaliona mara nyingi.

— Huku bananiita wa ng'ambo, akasema. Ng'ambo bananiita wa huku.

Tukamtazama Mama Zaina, labda yeye anajua. Alipindua birika, likatoa tone moja.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Niliona haya. Na mimi haya zangu hazikai, zinageuka hasira palepale.

— Inukeni!

— Nini tena?

— Inukeni kwa benchi yangu! Wote!

Wakainuka. Nilipangusa ubao kwa shati langu, maana kitambaa changu kilikuwa na grisi. Kalenga akashusha mizinga, akaipanga, akafungua kifuniko, akaketi pembeni. Bamama waliokuwa wanakwenda sokoni wakaanza kusimama, mumoja, kisha wengine. Ukungu ulikuwa unaachia, na ziwa likaanza kuonekana kidogo kidogo.

Halafu polisi wa soko akashuka barabara, fimbo kwapani.

— Wewe tena! Si nilikuuliza uko wa nani?

Kalenga akafuta mdomo wa mzinga kwa kidole. Mashavu ya Filimbi yakavimba. Nilijua neno lililokuwa ndani: wetu. Akaachia pumzi yote polepole, neno likabaki ndani, akatazama viatu vyake.

Polisi akatutazama sisi wanne tuliosimama na vikombe vitupu. Akainama, akachovya kidole, akalamba. Akachovya tena.

— Hii asali ya nani? akauliza, na sauti ilikuwa nyingine kabisa.

— Yangu, Kalenga akasema.

Benchi ni yangu, niliwaambia toka mwanzo. Lakini tangu asubuhi ile, kahawa tunakunywa tumesimama.