Kiti cha Meno Kilichovaa Nailoni

Mgeni rasmi, viongozi wa meza kuu, walimu, na wazazi wenzetu mliokaa juani,

KARIBU NANGARA

Karibu sana. Tumefurahi umefika, maana kiongozi kufika huku kwetu ni mpaka kuwe na utepe wa kukata. Leo umewaletea watoto miswaki, tumeipokea kwa mikono miwili. Sisi wazazi wa darasa la awali hatuna Kiswahili cha ofisini, kwa hiyo tutakusimulia habari za nyumba moja tu. Nyingine ukizipitia utakuta zinafanana nayo.

TULIKOTOKA

Mwenzetu Paskasi, ambaye huku tunamwita Baba Dorika, anafyatua matofali. Mkewe Natalia alifariki mtoto wao wa pili, Marietha, akiwa hajaota hata jino moja. Lile la kwanza lilipochomoza, Paskasi alimbeba mtoto mpaka makaburini, akamwonyesha mama yake. Watu walimcheka. Yeye hakujali. Alisema tangu msiba, hicho ndicho kitu kizuri cha kwanza kuingia nyumbani kwake.

Leo Marietha ana miaka mitano na meno yale yameoza. Ya mbele yamebaki visiki vyeusi. La nyuma limetoboka, na shavu limeumuka kama andazi. Uji anaunywa kwa upande mmoja. Akilia, nyumba nzima iko macho. Kukicha, Paskasi anasinzia kwenye udongo, tofali zinatoka zimepinda, na fundi aliyekuwa anazichukua ameshahamia kwa mwingine. Dorika, wa darasa la sita, anabaki nyumbani kumshika mdogo wake. Paskasi mwenyewe siku hizi haongei, anafoka.

"Baba Dorika," jirani yake Mama Najma alimtania akimletea ndizi za kuponda, "kwani anayeumwa jino ni nani? Mbona mmevimba wote?"

"Mtoto kavimba shavu, mimi nimevimba roho."

"Basi na wewe kula hizi ndizi, labda roho itanywea."

Akacheka kidogo. Hicho ndicho kicheko pekee tulichokisikia nyumba ile tangu mvua ziishe.

TULIYOFANIKIWA

Tulipata kiti cha meno pale kwenye kituo cha afya. Kiti kizuri kweli, kinapanda na kushuka. Mgeni rasmi wa siku ile, aliyekuja kukizindua, alikikalia, akafungua kinywa, akapigwa picha. Ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho. Daktari wa meno hajaletwa, na kiti bado kimevaa nailoni yake.

Mafanikio mengine hatujayaona.

CHANGAMOTO

Paskasi amempeleka mtoto pale kituoni mara nyingi, mpaka mlinzi wa getini anamwita Marietha kwa jina. Mara ya mwisho mhudumu alimwambia, "Mzee, hayo ni meno ya utoto. Yatang'oka yenyewe, yataota mengine."

"Na mpaka yang'oke, ale nini?"

"Uji."

"Na alale vipi?"

Mhudumu akaita mgonjwa mwingine.

Meno ni ya utoto, sawa. Maumivu nayo tuyaite ya nini? Aliyenunua kiti bila kuleta mtu wa kukitumia, mtoto wake hajawahi kulala njaa huku sahani imejaa mbele yake. Tumelisema hili kila mkutano, na kila mkutano tunajibiwa kwamba linafanyiwa kazi.

Halafu kuna la wiki hii. Marietha ndiye aliyechaguliwa kukuvisha skafu. Alifanya mazoezi kwa kanga ya marehemu mama yake, akamvisha Dorika, akamvisha baba yake, akamvisha hadi mbuzi. Juzi kamati ya mapokezi ikamwondoa. Paskasi aliitwa pembeni, mtoto akiwa ubavuni.

"Baba Dorika, usichukie. Kinywa cha mtoto kinanuka, na mgeni atainama usoni kwake."

Paskasi alimfuta mtoto mdomo, akamshika mkono, wakaondoka. Tangu siku hiyo Marietha akitaka kusema kitu, anafunika kwanza mdomo kwa kiganja.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi mengi, la daktari likiwa juu. Paskasi akasema tuyafute.

"Mmeshaomba sana," alisema. "Ombeni kitu ambacho hawezi kujibu kinafanyiwa kazi."

Tumeyafuta. Hatutegemei tena kiti kile kuvuliwa nailoni mtoto huyu akiwa bado na meno ya utoto. Tunaomba hili tu. Marietha yuko hapa, nyuma ya turubai, na baba yake. Amevaa sweta la bluu. Kabla hujaenda kwenye chakula, pita pale uiname, kama ambavyo ungeinama akuvishe skafu. Mwambie atoe kiganja mdomoni, afungue kinywa.

Usigeuze uso.

Mungu akurudishe salama, na wajukuu zako wale washibe, walale mpaka kuche.

Ni sisi,
Wazazi wa Darasa la Awali,
Nangara, Babati Mjini.